Mtoto Aliyekuja Ndani ya Mzinga

Libérat Habonimana alikuwa na kitabu kimoja na nusu. Kile kizima kilikuwa katekisimu. Ile nusu ilikuwa kitabu cha Kifaransa kilichopoteza jalada, kurasa thelathini za mwanzo na sehemu yote ya mwisho, alichoachiwa na padri mmoja aliyehamishwa, ambaye kwa miaka alikitumia kutegemeza mguu wa meza. Ndani yake mlikuwa na hadithi za mataifa: nani aliumba dunia kwa watu wa kaskazini ya mbali, kifo kilitoka wapi kwa watu wa visiwani, gharika ngapi zilishuka na ziliwapata nani. Libérat alikisoma miaka kumi na miwili. Nilimfahamu muda wote huo, na naweza kusema kwamba hakikumfaa kitu hadi mwaka 1956, na mwaka huo nusura kimponze.

Mimi ni Damien, niliyekuwa karani wa baraza letu pale Kiringye, katika bonde la mto Ruzizi. Kazi yangu ilikuwa kuandika walichosema watu, si walichotaka kusema. Wengi hawakunipenda kwa sababu hiyo. Libérat alinipenda, labda kwa kuwa mimi peke yangu nilikuwa na wino wa kumkopesha.

Alikuwa katekista. Padri alifika kwetu mara moja kwa mwezi, akitoka Uvira kwa pikipiki, na Jumapili zilizobaki Libérat aliongoza sala mwenyewe. Sala ikiisha, watu hawakwenda nyumbani. Walikaa kivulini, ubavuni mwa kanisa, naye alitoa ile nusu ya kitabu, akatafsiri kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipomwishia akamalizia kwa Kirundi. Aliposimulia kwamba Wagiriki walikuwa na mungu wa radi aliyemwoa dada yake, wazee walitikisa vichwa wakauliza mungu huyo ni wa ukoo gani, ili binti zao wasije wakaolewa huko. Aliposema kwamba kwa watu wa kaskazini milima ni mifupa ya jitu lililouawa, mama mmoja wa kijiji cha Lubarika akauliza matanga ya jitu hilo yalikaliwa siku ngapi. Libérat alitafuta katika kitabu. Haikuandikwa.

“Musiulize kama ilitokea,” aliwaambia siku moja. “Muulize inafanya benyewe bafanye nini.”

Hakuna aliyeandika maneno hayo. Mimi pia sikuandika, maana ilikuwa Jumapili.

Mke wake aliitwa Gloriose, na mama wa Gloriose aliitwa Capitoline. Mimi naweza kulitaja jina hilo, Libérat hakuweza. Kwa desturi ya Warundi wa bondeni, mwanamume hamtaji mama mkwe wake kwa jina wala hamtazami usoni. Humwita mabukwe, huku akiangalia kando. Capitoline alipoamua kubatizwa uzeeni, katekista wa karibu alikuwa mkwe wake. Basi Libérat alimfundisha kwa miaka miwili akiwa ameelekea ukutani. Amri kumi za Mungu, sakramenti saba, Nuhu, Musa na Yona, vyote alivisomea udongo wa ukuta, na yule mama akajibu nyuma yake. Alibatizwa mwaka 1949. Hakuna mwanafunzi wa Libérat aliyefaulu kuliko yeye.

Capitoline alikuwa mjane. Mume alipokufa alirudi kwenye shamba la baba yake, kipande kirefu kati ya njia na mto Ruzizi, chenye kichuguu kikubwa upande wa majini. Alikuwa na kaka wawili. Wote walikwenda kwenye migodi ya Katanga na hawakurudi. Kwa hiyo alilima peke yake, maharagwe na mihogo, na hakuna aliyemsumbua mpaka alipofika monitera wa pamba, msimamizi wa kilimo aliyetumwa na serikali.

Monitera huyo alileta kamba na karatasi. Bonde lote lilikuwa likipimwa vipande vya pamba, na kila kipande kilitakiwa kuwa na jina moja. Alipofika kwa Capitoline akauliza jina, akajibiwa majina mawili kwa wakati mmoja. La pili lilitoka kwa Sévère Nshimirimana, jirani, mwanamume wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti inayosikika ng'ambo ya mto. Sévère alisema shamba lilifyekwa na baba yake kwa shoka lake mwenyewe, na kwamba baba wa Capitoline aliazimwa tu.

Kesi ikaja kwetu. Jambo lenyewe lilikuwa wazi kwa kila mtu: Capitoline akishindwa, hana pa kwenda ila nyumbani kwa binti yake. Na nyumba ya binti yake ilikuwa na vyumba viwili na mkwe ambaye hawezi kumtazama. Angeishi humo kama mgeni anayesubiri mvua ipite, na mvua isingepita mpaka afe.

Hakimu wetu alikuwa Mzee Cyprien, mtu mwenye haki na usingizi. Alimwuliza Sévère shamba lilitoka wapi, akajibiwa: kwenye shoka. Alimwuliza Capitoline. Mama yule akasimama, akafunga vizuri kitambaa cha kichwani, akasema hivi, na nanakili kutoka kwenye rejista:

“Zamani muto ulijaa. Maji ikaleta muzinga ya nyuki, ikakwama ku kichuguu yetu. Mwanamuke moja alikuwa anachota maji. Akasikia muzinga inalia, na nyuki hailiaka vile. Akafungua, akakuta mutoto, na nyuki iko yote mule ndani, haikumuuma hata moja. Akasema: huyu hana kwao, basi kwao ni hapa. Njo bazee betu banatoka kwake.”

Sévère alicheka kabla mama hajakaa.

“Lakini ile ni Musa! Mama, minye pia nilisoma katekisimu. Musa alikuwa mu kitunga, weye umemutia mu muzinga. Na nani alikufundisha? Mukwe yako!”

Baraza lote liligeuka kumtazama Libérat, aliyekaa nyuma akiangalia mlango. Mzee Cyprien alifumbua macho, akasema, “Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni,” na watu wakacheka mpaka benchi moja likaanguka. Niliandika: wasikilizaji walicheka. Kesi ikaahirishwa hadi Alhamisi.

Alasiri ile Libérat alikuja kwangu. Hakuomba wino.

“Damien, nimemuua mabukwe,” alisema. “Ile hadithi alikuwa nayo mbele ya kunijua. Gloriose alinisimulia siku tulioana. Minye njo nilimuletea Musa mu nyumba yake, na leo Musa anamufukuza.”

Nilimhurumia, lakini nilimwambia ukweli: hakimu hawezi kupima hadithi ipi ilimwingia mtu kwanza. Kisha nikaona uso wa Libérat umebadilika. Nilikuwa naujua uso ule. Ulikuwa wa Jumapili.

Alhamisi alikuja na ile nusu ya kitabu akiwa ameifunga kwenye kitambaa cha altare. Aliomba ruhusa kusema, akapewa, akaanza kusoma. Alisoma habari za mfalme Sargoni wa nchi ya Akadi, ambaye mama yake alimweka katika kikapu cha matete kilichozibwa kwa lami akamwachia mto, mchota maji akamwokota. Alisoma habari za mapacha wa Roma waliotupwa mtoni ndani ya hori, wakanyonyeshwa na mbwa wa porini. Alisoma habari za mtoto wa jua kule India, aliyetiwa sandukuni na mama aliyeogopa aibu, akalelewa na mwendesha magari ya farasi. Kisha mtoto wa Wagiriki, aliyefungiwa pamoja na mama yake katika kasha na kutupwa baharini.

Mzee Cyprien hakulala. Aliuliza swali moja tu, kama mbwa wa porini ni fisi. Libérat akasema karibu. Mzee akasema fisi jike hawezi kunyonyesha mtoto wa mtu, na niandike hivyo. Niliandika.

“Ni bangapi bote?” aliuliza.

“Batano, pamoja na Musa,” alisema Libérat, akiwa amenyoosha mgongo. “Mabukwe hakuiba. Dunia nzima iko na mutoto wa maji.”

Sévère hakuwa mjinga. Ni kosa kubwa kudhani kwamba mtu mwenye sauti kubwa hana kitu kingine.

“Basi, Muzee, kama dunia nzima iko nayo, ni kama upepo,” alisema. “Upepo haina mwenyewe. Muntu hawezi kuya ku baraza kusema shamba ni yangu juu upepo ilipita pale.”

Watu waliguna kwa kukubali. Mzee Cyprien aliguna pia, na mguno wa hakimu ni nusu ya hukumu. Libérat alibaki amesimama, kitabu mikononi. Alikuja kumwokoa yule mama, naye alikuwa amemzika kwa mataifa manne. Nilimwona akipekua kurasa mbele na nyuma kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchele, na nikatamani akae chini.

Hakukaa. Aligeukia ukuta, mgongo kwa mama mkwe wake, akaanza kusema na mimi, kwa sababu ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kusema naye.

“Karani, angalia. Kila bantu banatia mutoto wao mu kintu benyewe banajua. Benye matete, mu matete. Benye mbao, mu sanduku. Sisi, mu muzinga. Na kila mahali, mutoto akisha kutoka, hadithi inamufuata yeye: anakuwa mufalme, anajenga kuta, anaua nduguye. Hakuna hata kitabu moja inauliza kile chombo kilienda wapi. Karani, uliza mabukwe: muzinga ulienda wapi?”

Niliuliza, ingawa mama alikuwa amekwisha kusikia.

Capitoline alimtazama Sévère, akatazama mikono yake mwenyewe, kisha akasema na mimi.

“Karani, mwambie mume wa mutoto wangu, afazali angenyamaza.”

Nikamwambia Libérat afadhali angenyamaza. Lakini Mzee Cyprien alikuwa ameshika swali lile, na mzee yule akishika kitu hakiachi.

“Jibu, mama.”

“Ni mambo ya banamuke.”

“Shamba ni mambo ya baraza.”

Alisema kwa sauti ndogo, nikalazimika kusogeza meza.

“Muzinga ulibaki ku kichuguu, ukaoza pale. Tangu siku ile, mutoto mwenye baba yake anamukana akiwa bado mu tumbo, mama yake anakuya kuzalia kwetu. Kitovu chake tunatia mu kichungu, chungu kidogo ya udongo, na nta ya nyuki juu, na shanga moja ya mama. Tunazika chini ya kichuguu. Njo anakuwa wetu, sawa ule wa kwanza. Hatuulizaka damu.”

Wanaume tulitazamana. Nilikuwa nimeishi Kiringye miaka arobaini na moja, ninaandika kila kitu, na hilo sikulijua. Wanawake waliokaa upande wa dirisha walikuwa wakitazama nje, wote, kama waliopatana.

“Ile, Wagiriki habana nayo,” alisema Libérat kwa ukuta.

“Utuonyeshe vichungu,” alisema hakimu.

“Haichimbwaka, Muzee.”

“Basi leo leo shamba ni ya Sévère.”

Capitoline alimtazama tena Sévère. Mimi niliuona mtazamo ule, na najuta kusema kwamba niliudhani ni chuki. Kisha akaomba jembe.

Tulitembea nusu saa kwenye jua, hakimu mbele, mimi na rejista yangu, watu wa baraza, na wengine ambao hawakuwa na kesi ila walikuwa na nafasi. Libérat alitembea mwisho kabisa. Kwenye kichuguu alisimama akielekea mto, kama desturi ilivyotaka, na hakugeuka mpaka mwisho. Capitoline alikataa kusaidiwa. Alichimba mwenyewe, taratibu, akitumia jembe kwanza, kisha vidole.

Vichungu vilikuwa vitano, ukubwa wa ngumi ya mtoto, vimefunikwa kifudifudi. Alivipanga kwenye nyasi. Alikwangua nta ya kwanza, akatoa shanga nyekundu, akataja jina la bibi mmoja aliyekufa kabla Wazungu hawajafika, na wazee wawili wakasema kweli, alikuwapo. Cha pili akataja mtu aliyehamia Kamanyola, akafia huko. Cha tatu akasema ni cha kaka yake mkubwa, yule wa Katanga. Cha nne alikiinua, akatazama shanga nyeupe iliyokuwa ndani.

“Hiki changu,” alisema, kama mtu anayechukua kikombe chake mezani.

Mama yule alikuwa amedai shamba kwa ukoo wa baba, na sasa alikuwa anatuambia, katikati ya adui yake na hakimu, kwamba baba huyo alimpokea tu. Hakuona sababu ya kueleza zaidi. Aliingiza kidole katika chungu cha tano.

Shanga ilitoka ya buluu, yenye jicho jeupe katikati. Kiringye nzima iliijua shanga ile. Marehemu Generose, mama yake Sévère, alivaa mkufu wa shanga hizo mpaka siku aliyokufa, na sasa mke wa Sévère aliuvaa kila Jumapili kanisani. Hapakuwa na nyingine kama hizo kutoka hapa mpaka Uvira.

Capitoline alifunga kiganja.

“Hii sijui,” alisema. “Macho yangu imekwisha.”

Asubuhi ile ile, kutoka upande wa pili wa baraza, macho yale yalikuwa yameniambia kwamba kola ya shati langu ni chafu.

“Mama,” alisema Mzee Cyprien kwa upole, “chungu bila jina ni chungu tu. Kama moja hujui, nitaaminije ingine?”

“Basi usiamini.”

Na ndipo nilipoelewa, nikaumia. Mama yule alikuwa na ushindi ndani ya ngumi yake. Alitakiwa kufungua vidole tu. Kwa neno moja, yule mwanamume mwenye shoka la baba angekuwa hana shoka wala baba, mbele ya kijiji kizima. Alikuwa ameficha neno hilo miaka hamsini, na alikuwa tayari kuhamia kwenye nyumba ya vyumba viwili, akaishi na mgongo wa mkwe wake mpaka kufa, ili aendelee kulificha.

Lakini shanga ilikuwa imekwisha kuonekana. Sévère alisogea. Alipiga goti mbele yake kwenye udongo, akamfungua vidole kimoja kimoja, na mama hakumzuia wala hakumsaidia. Aliitazama shanga kwa muda mrefu. Nilishika kalamu hewani.

“Mama,” alisema, na sauti yake siku hiyo isingevuka hata mfereji, “minye nilizaliwa wapi?”

“Ku nyumba ya baba yako.”

Ulikuwa uongo, mbele ya hakimu na baraza lote. Katika miaka yangu yote ya ukarani ndio uongo pekee nilioacha kuuandika.

Sévère alichukua kile chungu, akafuta udongo kwa kidole gumba. Kisha akaniangalia.

“Karani, andika,” alisema. “Hiki changu.”

Mzee Cyprien aliondoa kofia yake. Alikaa juu ya mzizi, akatoa hukumu bila kusinzia: shamba ni la watu wa mzinga, na ndiyo mwisho wa kesi. Watu walitawanyika bila kelele. Hata wale wasio na kesi waliona aibu kubaki.

Libérat tu ndiye hakuwa ameona kitu. Alikuwa bado anatazama mto. Nilipomsimulia njiani alisimama katikati ya njia, akafunika uso na kile kitambaa cha altare, akalia. Swali lile zuri lilikuwa lake, na alijua sasa lilimgharimu nani. Miezi iliyofuata aliiandika hadithi ya mzinga kwa penseli kwenye pambizo za nusu ya kitabu chake, ya sita baada ya zile tano, kwa herufi ndogo sana. Niliisoma. Vichungu vyote vimo, na majina ya vinne. La tano hakuliandika. Chini yake ameandika tu kwamba hadithi hii ina wenyewe, na wanajulikana kwa wanachokifanya. Alifundisha miaka mingine mingi, na hakumtazama mama mkwe wake hata siku moja.

Vichungu vilirudishwa kesho yake asubuhi. Sévère alikuja na jembe lake. Capitoline alifukia vinne, naye akafukia cha kwake, akaupigapiga udongo juu kwa kiganja.

Wiki iliyofuata monitera wa pamba alirudi na karatasi, akaniomba nimsaidie kuandika. Capitoline alitaka majina mawili. Monitera akasema karatasi ina nafasi ya jina moja, na wa pili anaweza kuandikwa chini yake ikiwa ni wa familia, pamoja na uhusiano wao. Akamtazama Sévère, aliyesimama nyuma ya mama akishikilia kamba ya kupimia.

“Huyu ni nani yako, mama? Mutoto? Ndugu?”

Capitoline alifikiri.

“Andika: wa kwetu.”

Monitera akasema neno hilo haliko kwenye karatasi. Nilimwomba kalamu, nikaliandika pembeni.